Mkia Hukatwa Mwisho

Jumapili ile Mutoni alivaa mshanana, vazi la heshima la kufungia begani, kwa sababu mtu haendi kuomba msamaha kwa watu amevaa ovaroli. Aliuazima kwa jirani yake mshona mapazia, akaupiga pasi mwenyewe, kisha akakaa kitandani kutafuta maneno atakayosema akishapiga magoti. Hakuyapata. Alipata jasho tu, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

Kosa lake tulijue mapema. Mutoni alikuwa kiongozi wa breki dauni, gari lenye winchi na mnyororo linalokwenda kuvuta magari yaliyokufa barabarani. Karakana yao ilikuwa Gisozi, jijini Kigali, kwenye soko la mafundi la Agakiriro, imebanwa kati ya wachomeleaji wa mageti na maseremala wa vitanda, na timu yao ilikuwa ya watu watatu: yeye, Eddie na Shema. Gari likifa barabarani, watu humwonea huruma mwenye gari. Watu wa breki dauni huliogopa gari lililo nyuma, ambalo halijafika bado, na dereva wake anaimba na redio. Kwa hiyo kazi yao ilikuwa na utaratibu. Mutoni alishuka wa kwanza, akarudi nyuma kwa miguu kupanga koni za rangi ya machungwa, ya kwanza mbali huko kabla ya kona, ya mwisho karibu na gari bovu. Safu hiyo waliiita mkia. Eddie aliingia chini ya gari kufunga mnyororo. Mutoni alirudi kushika winchi. Shema alikuwa na kazi ya mwisho, nayo ni kuukata mkia, yaani kukusanya koni gari likishapakiwa na watu wote wakishatoka barabarani. Si kabla. Mkia hukatwa mwisho: maneno hayo Mutoni alimwimbia Shema mpaka maseremala wa jirani wakayageuza utani, wakawa wanamwamkia nayo asubuhi.

Msimu wa mvua uliopita, kwenye mlima wa kupandia Masaka, nje kidogo ya jiji, lori la matofali lilikatika ekseli. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya breki dauni hata husikii unachosema mwenyewe. Eddie alikuwa chini ya lori. Likaja Fuso tupu, linatafuta kasi ya kupandia mlima, likazunguka kona, likalivaa lori mgongoni. Lori likasogea. Mguu wa kulia wa Eddie ulikuwa njiani. Hospitali waliukata chini ya goti.

Koni zilikutwa kando ya breki dauni, zimepachikwa moja ndani ya nyingine, safi, hazina hata mkwaruzo. Bosi akauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza: kama zilikuwa barabarani, mbona Fuso halikugonga hata moja? Shema akaapa kwamba hakuziona barabarani. Alikuwa pembeni anaongea na simu, alisema, akidhani dada Mutoni bado anajiandaa kuzipanga. Mutoni akasema alizipanga. Alizikumbuka kabisa, maji yakiteremka kwenye ncha zake. Lakini kumbukumbu ya mtu mmoja itafanya nini mbele ya koni zilizolala kando, zimetulia?

Shema ndiye aliyemtuliza. Kila jioni alipita kwake na maziwa, akakaa naye mlangoni.

"Dada, kichwa inaweza danganya mutu," alimwambia. "Hiyo kazi umeifanya siku zote. Kichwa ikachukua ya jana, ikaiweka kwa leo. Si roho mbaya. Ulichoka tu. Wihangane."

Naye akavumilia, kama neno hilo la Kinyarwanda linavyotaka, na polepole akaamini. Shema hakuwa mtu wa kupita. Siku alipoposa, aliletwa na wajomba tu. Dada hakuwa naye, ndugu zake wengi walibaki Uganda. Mutoni, aliyekulia Karagwe na hana ukoo Kigali, alisimama akawa dada yake mbele ya watu, akambebea zawadi kichwani. Na aliyeposwa ni nani? Yvonne, dada wa Eddie. Sasa nani angemshuku Shema? Mtu amvunje mguu shemeji yake mwenyewe, halafu aende kula chakula cha jioni kwa mama mkwe?

Tangu hapo Mutoni hakuiamini tena akili yake. Kila alipopanga mkia alimtafuta mtu, yeyote, mwenye gari bovu au mpita njia, akamwuliza, "Unaziona?" Mpaka ajibiwe "naziona" ndipo alipokwenda kwenye winchi. Watu walimcheka. Mwenye Harrier mmoja alimwuliza kama ana matatizo ya macho. Alijibu kwamba anayo.

Bosi alimshusha uongozi, akampa Shema. Kisha akatoa neno lake la mwisho: "Nenda kwa ile familia. Wakikusamehe, narudisha kila kitu kama zamani. Wakikataa, tafuta kazi pengine, mimi siwezi kukaa na mtu mwenye laana ya mama wa watu." Na kwa kuwa mkosaji hajisemei, lazima awe na msemaji wa kumwombea mbele ya wenyeji, msemaji akapatikana bila kutafutwa. Shema alijitolea. Alipanga siku, akanunua kreti ya fanta na kreti ya bia, akampigia mama mkwe. Mutoni alilia kwa shukrani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mwenye nguo ndiye wa mwisho kujua.

Walikwenda na breki dauni, maana Jumapili ilikuwa zamu yao na Eddie alikuwa hajapata wa kumrithi. Kreti ziligongana nyuma ya viti. Shema, ndani ya suti ya kijivu, alifanya mazoezi ya hotuba huku akiendesha.

Kwenye mlima ule ule wa Masaka wakakuta Vitz nyeupe imezima katikati ya njia ya kupandia, gurudumu la mbele limelala ubavu. Ndani alikuwemo mama mmoja na watoto wametoka kanisani. Huko nyuma mtu mwema alikuwa ametupa matawi matatu ya mti barabarani, ile alama ya hatari ya tangu zamani, lakini matawi hayo watu huyaacha hapo hapo wakiondoka, hata madereva wameacha kuyaamini.

"Tupite?" Shema aliuliza. "Wanatungoja."

"Simamisha," Mutoni alisema.

Alikunja mshanana mpaka magotini, akabeba koni, akateremka. Alizipanga kuanzia kona akirudi. Watoto aliwatoa wakae juu ya ukingo, nyuma ya mtaro. Kisha akamwuliza mama yao, "Unaziona?"

"Koni? Naziona. Mbona zimejaa barabara nzima."

Walikuwa wawili tu, kwa hiyo Mutoni ndiye aliyeingia chini. Alitandika gunia, akalala chali kwa uangalifu na vazi la watu, akaanza kupitisha mnyororo. Hakuwa amewahi kulala pale penye nafasi ya Eddie. Alishangaa jinsi chini ya gari kunavyosikika: lami inaleta kila kitu sikioni, hatua za watu, kokoto, pikipiki inayopanda kutoka mbali.

Ndipo akasikia. Kop. Kimya kidogo, hatua za viatu. Kop. Hatua tena. Kop. Ilikuwa sauti ya plastiki inayomezwa na plastiki, nzito na tupu ndani, na kila mara ilikuwa karibu zaidi.

Mkono wake ulisimama kwenye mnyororo. Kwa juu honi ikalia kwa ghadhabu, na kosta ya abiria ikapita karibu sana hata Vitz ikatikisika. Mama wa watoto akapiga yowe. Mutoni akajiburuta nje, vumbi na grisi juu ya mshanana wa jirani, akasimama.

Shema alikuwa anapanda mlima, taratibu, mrundo wa koni umekumbatiwa kifuani. Nyuma yake barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

"Umekata mkia mimi nikiwa chini?"

"Si umemaliza?" Shema alijibu, bila hata kushtuka, kama mtu anayeulizwa kwa nini anakunywa chai na sukari. "Dada, hii gari ikishabeba haiwezi simama kwa mlima. Itaniacha nipande na miguu na hizi makoni. Mimi iko natoa mapema kidogo, ndiyo nikute uko tayari..."

Hakumaliza. Alimwona Mutoni anavyomtazama, na mwenyewe akasikia alichokisema. Koni zikaanza kumteleza mikononi.

"Mapema kidogo," Mutoni alisema. "Siku ile ya matofali pia ilikuwa mapema kidogo?"

Shema aliinama kuziokota koni.

Sitaki kusema kwamba Mutoni alipandwa na hasira, kwa sababu hasira haikuwa ya kwanza. Cha kwanza kilikuwa nafuu, nafuu kubwa ya ajabu. Alizipanga. Siku ile, na mvua ile, alizipanga! Akili yake ilikuwa nzima muda wote. Kisha, nyuma ya nafuu, yakaja maziwa. Yale maziwa ya kila jioni. Mtu alikuja mlangoni kwake na kikopo mkononi akamfundisha, siku baada ya siku, kwamba yeye ni mwendawazimu.

"Rudisha hizo koni," alisema. "Mpaka kwenye kona."

Shema alizirudisha. Mutoni akaingia tena chini akamaliza kazi yake. Waliipandisha Vitz, wakapanda na watoto wamebanana mbele, wakawashusha na gari lao juu penye karakana ndogo ya magurudumu. Mama yao alimshukuru Shema pia. Mutoni aliendesha sasa. Alimnyang'anya Shema funguo.

Walipobaki wawili, Shema akaanza kusema, haraka haraka.

"Dada, sikiliza. Wewe wakikusamehe, inaisha. Utakunywa fanta na wao, kesho uko kwa kazi yako. Mimi hawawezi nisamehe. Mimi nalala na Yvonne! Mtoto iko karibu kuzaliwa. Nikisema ni mimi, nyumba inakufa. Ya kwako ni siku moja tu, dada. Magoti kidogo tu."

"Usiniite dada."

Mutoni tayari alikuwa na jambo lake moyoni, akilishikilia kama mtu anavyoshika kiberiti kwenye upepo. Eddie! Eddie alikuwa chini siku ile. Mvua ilimziba masikio yeye aliyekuwa juu kwenye winchi, lakini Eddie alikuwa pale chini panaposikika kila kitu. Kama alisikia hata kop moja, basi yuko shahidi duniani. Atamwuliza mbele ya watu wote. Miaka waliyofanya kazi pamoja, Eddie hakuwahi kumficha kitu, hata siku alipogonga geti la bosi alikuja kumwambia kabla bosi hajajua.

Nyumba ya mama yake Eddie ilikuwa mpya, ya matofali, kando ya barabara ya vumbi, migomba nyuma na shamba dogo la maharage ubavuni. Geti lilikuwa wazi. Mama mwenyewe, Winifred, mjane aliyerudi kutoka Uganda na watoto wadogo mgongoni, alikaa kwenye kiti kikubwa akiwa na kitenge kipya. Yvonne alikaa kulia kwake na tumbo lake. Wajomba wawili walikuwepo wa kujaza viti. Eddie alikuwa kwenye kona, gongo limeegemezwa ukutani, suruali imebanwa kwa pini chini ya goti. Alipomwona Mutoni alitabasamu, kisha akaliangalia vumbi la mshanana, kisha akatazama pembeni.

Kreti ziliingizwa. Salamu zikapita, ndefu, za kukumbatiana. Kisha Shema akasimama, akakohoa.

"Mama, wazee wetu," alisema. "Tumekuja na mutu wetu. Aliteleza. Hakuna mutu hateleza. Alisahau kazi yake siku moja, na hiyo siku moja ikachukua mguu ya muramu wangu, shemeji yangu huyu. Iko hapa, amekubali kosa yake, anataka kupiga magoti."

Alisema yote hayo! Baada ya mlima, baada ya koni kumteleza mikononi, alisimama akayasema, na wajomba wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mutoni alitoka kwenye kiti akapiga magoti. Si kwamba alikubali. Alitaka kuwa usawa wa macho na Eddie.

"Eddie," alisema. "Wewe ulikuwa chini. Kabla Fuso halijafika, ulisikia nini?"

Shema akasema, "Dada, hiyo si—"

"Nimemwuliza Eddie."

Eddie alilichukua gongo, akaliweka mapajani, akaligeuza. Yvonne alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, na hakumtazama mumewe. Alimtazama kaka yake, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemkataza mtoto kugusa kitu. Mutoni aliliona hilo, akaelewa kwamba Yvonne alikuwa anajua. Hapo ndipo kiberiti chake kilipozimika, kabla jibu halijaja.

"Eddie. Ulisikia koni?"

"Nilisikia," Eddie alisema.

"Zikifanya nini?"

"Zikiingia moja kwa ingine. Nilitaka kumwita. Nikasema, wacha nifunge huu mnyororo kwanza." Alifuta uso. "Mutoni, nilijua tangu hospitali. Nisamehe. Yeye ni bwana ya dada yangu."

Wajomba walitazamana. Mama Winifred hakutazamana na mtu. Alizungumza Kinyarwanda, polepole, bila kupandisha sauti.

"Mwanangu, usimlaumu Eddie. Ni mimi. Aliniambia hapo hospitali, nikamwambia anyamaze. Mguu ulikuwa umeshakwenda. Sikutaka na nyumba ya binti yangu iende. Huyu tungemfanya nini, tumfukuze, mtoto azaliwe bila baba? Damu ni nzito kuliko maji. Nikasema, yule Mutoni ni mtu wa Karagwe, hana watu hapa, hana mume wa kumtetea. Yeye ataweza kulibeba, na sisi tutamsamehe. Sikuwa na nia ya kukuacha hivyo. Siku zote nilikuwa na nia ya kukusamehe."

Alisema kwa upole kabisa. Hilo ndilo lililomvunja Mutoni, ule upole. Walikaa katika nyumba hii, yamkini kwenye viti hivi hivi, wakatafuta mgongo wa kuwekea mzigo, wakaupata wa kwake kwa sababu ulikuwa hauna mwenyewe. Shema alikuwa mwoga, na mwoga unaweza kumwelewa. Lakini Eddie! Wakati Mutoni alipokuwa anauliza wapita njia kama wanaziona koni, Eddie alikuwa amelala na jibu.

Yvonne alianza kulia. Mjomba mmoja, kwa kutojua la kufanya, akafungua chupa ya fanta, akamnyoshea Mutoni. Kinywaji cha kupatana kilikuwa kimefunguliwa, na katika nchi hii kukataa chupa iliyofunguliwa mkononi mwa mwenyeji ni kumtukana yeye na waliomzaa.

Mutoni alisimama. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa, akaiweka sakafuni mbele ya miguu ya Shema, mguu mmoja na mwingine, yote miwili mizima.

"Kunywa wewe," alisema. "Msamaha ni wako, kama kreti zilivyo zako. Mama, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kesho bosi nitamwambia, na nitamwambia Eddie alisikia. Akikanusha, akanushe mwenyewe."

Akatoka.

Breki dauni ilikuwa imeingia kwa kichwa, na kutoka ilibidi irudi kinyumenyume mpaka barabarani, penye kona na ukuta unaoficha yanayokuja. Mutoni alipowasha injini aliona kwenye kioo cha pembeni mtu anakuja na gongo, anaruka ruka, anawahi. Eddie alifika getini, akasimama barabarani, akainua mkono kama alivyoinua miaka yote: njoo, njoo, kata kulia, njoo. Kwa mkono huo Mutoni alishawahi kurudi nyuma usiku, kwenye ukingo wa bonde, bila kutazama kioo. Ulikuwa mkono ule ule. Macho ya Eddie yalikuwa mekundu.

"Njoo!" Eddie aliita. "Hakuna gari! Njoo, dada!"

Mutoni alizima injini. Alishuka, akabeba koni, akampita Eddie bila kumgusa. Akaenda mpaka kwenye kona na mshanana wake wenye grisi, akaweka ya kwanza, akarudi akiweka moja moja, ya mwisho karibu kabisa na gongo la Eddie. Hakumwuliza mtu kama anaziona. Familia nzima ilikuwa imetoka getini inamtazama, na Shema nyuma yao na ile chupa mkononi.

Aliingia garini, akarudi kinyumenyume polepole, akaweka gari sawa pembeni ya barabara, akavuta breki ya mkono. Eddie aliinama kuichukua koni iliyokuwa karibu naye, kumsaidia.

"Iache," Mutoni alisema.

Eddie akaiacha. Mutoni alikwenda mpaka kwenye kona, akazikusanya mwenyewe zote, akaondoka.